Zilipendwa za Jazi Mikononi mwa Makundi Madogo: Jarrett, Motian, Mehldau au Sorey?

Mtu anayetaka kuingia katika zilipendwa za jazi, yaani nyimbo za zamani ambazo wanamuziki wa jazi huzipiga upya kizazi baada ya kizazi, kupitia tafsiri za miongo ya karibuni hukwama kwanza kwenye wingi wa rekodi. Wimbo mmoja uliotungwa kwa ajili ya jukwaa la Broadway, kitovu cha maigizo ya muziki cha New York, katika miaka ya 1930 umekwisha kurekodiwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna atakayezimaliza rekodi zake zote, na karibu kila mpiga piano mwenye jina ameupitisha mikononi mwake. Nimeziweka sambamba albamu nne za makundi madogo, ambazo ni Standards, Vol. 1 ya Keith Jarrett (1983), On Broadway Volume 1 ya Paul Motian (1989), Art of the Trio 4: Back at the Vanguard ya Brad Mehldau (1999) na Mesmerism ya Tyshawn Sorey (2022), nikiwa na nia ya kumsaidia msikilizaji kujua aanze na ipi na aiweke ipi akiba. Sitawapanga kwa ubora, kwa kuwa wote wanne ni mafundi waliobobea na ubishi wa nani zaidi hauna mwisho. Kipimo changu ni kimoja: wimbo wa asili umebaki kiasi gani ndani ya rekodi, na msikilizaji anahitaji kuujua kiasi gani ndipo afaidi.

Inafaa tuutazame kwanza wimbo mmoja kwa karibu. “All the Things You Are” ulitungwa na Jerome Kern kwa maneno ya Oscar Hammerstein II mwaka 1939, kwa ajili ya igizo la muziki liitwalo Very Warm for May, ambalo lilifungwa baada ya maonyesho 59 tu. Igizo likasahaulika, wimbo ukabaki. Nyimbo nyingi za aina yake huwa na vipimo 32 vya mapigo manne manne, vikiwa vimegawanywa katika beti nne za vipimo vinane. Huu una vipimo 36, kwa sababu ubeti wa mwisho umerefushwa kwa vipimo vinne, na akodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, hupita katika funguo (ngazi za noti) tano kabla ya kurudi zilikoanzia. Umbo hilo kwa mwanamuziki ni kama vina na mizani kwa mshairi: ndilo linalomfunga, na ndilo hilo hilo linalompa cha kuchezea. Kundi likishapiga mahadhi yenyewe, huuzunguka mfuatano ule ule wa akodi tena na tena, mmoja akibuni papo hapo na wenzake wakimbeba. Asiyeujua wimbo husikia mbio tu pale ambapo anayeujua humsikia mtu akijibizana na jambo linalokumbukwa na wote wawili.

Mpiga piano Jarrett, mpiga besi Gary Peacock na mpiga dramu Jack DeJohnette walikutana studioni New York mnamo Januari 1983, chini ya mtayarishaji Manfred Eicher wa kampuni ya kurekodi ya ECM, na vikao hivyo vikazaa albamu tatu. Kabla ya hapo Jarrett alikuwa amejijengea jina kwa matamasha ya piano pekee, yaliyobuniwa jukwaani tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo kurudi kwake kwenye nyimbo za Kern na Billie Holiday hakukuwa jambo ambalo wafuasi wake walilitarajia. Anachokihifadhi ni umbo. Katika “All the Things You Are” yake kasi ni kubwa, lakini vipimo vyote 36 viko pale pale. Ukiyaimba mahadhi kimoyomoyo huku yeye akibuni, mtafika pamoja mwisho wa mzunguko. Kinachobadilika ni yale yanayosemwa ndani ya umbo hilo: mistari mirefu ya mkono wa kulia inayovuka mipaka ya beti bila kupumua pale inapotarajiwa, besi ya Peacock isiyoridhika kutembea noti moja kwa kila pigo, na matoazi ya DeJohnette yanayodakia kila sentensi kabla haijakauka. Katika albamu hiyo hiyo upo “God Bless the Child”, unaochukua zaidi ya dakika 15 na kusogea karibu na muziki wa kanisani, ukizunguka juu ya mdundo mzito usio na haraka hadi msikilizaji anasahau kwamba wimbo wenyewe ni mfupi.

Kasoro ya Jarrett inajulikana kwa kila aliyewahi kumsikia. Huguna, hulalama na kuimba puani anapopiga, na kipaza sauti hunasa yote. Wapo wasiovumilia hata dakika mbili, nami siwalaumu, ingawa baada ya muda nilizoea, na sasa naisikia sauti ile kama kivuli cha vidole vyake. Mtu anayekerwa haraka na kelele za namna hiyo ajue mapema kwamba hazitapungua katika albamu zilizofuata, na ziko nyingi, maana kundi hili lilidumu kwa zaidi ya miaka 30.

Mehldau, naye mpiga piano, pamoja na mpiga besi Larry Grenadier na mpiga dramu Jorge Rossy, waliupiga wimbo huo huo wa Kern mbele ya watu katika klabu ya Village Vanguard, New York, na ndio unaoifungua albamu. Akodi zipo, mahadhi yapo. Walichokigusa ni hesabu, kwa kuwa kila kipimo sasa kina mapigo saba badala ya manne. Mara ya kwanza nilipousikiliza nilihesabu kwa vidole juu ya meza, na kufikia mzunguko wa tatu nilikuwa nimekwisha kupotea kabisa, kidole kikiwa juu na pigo limeshapita. Nilirudi mwanzo, nikaigawa ile saba kuwa nne na tatu, na hapo mahadhi ya Kern yakajitokeza kama sura ya mtu unayemfahamu aliyevaa nguo usizozizoea. Siku chache baadaye nilimsikilizisha rafiki ambaye hakuwahi kuusikia wimbo huo. Alisema ni muziki mzuri, akauliza kwa nini ninatabasamu.

Swali lake ndilo linalomtenganisha Mehldau na Jarrett kuliko jambo lolote la ufundi. Tafsiri ya Jarrett inampa mgeni furaha hata kama hajui kilichoanza, kwa sababu msukumo wa kundi lake ni wa mwili kwanza. Unausikia miguuni kabla hujaelewa lolote. Tafsiri ya Mehldau inamtaka msikilizaji aje na nusu ya wimbo kichwani, ndipo nusu nyingine, yaani ile saba, imshtue inavyopaswa. Tofauti ya pili iko katika mkono wa kushoto. Kwa Jarrett mkono huo mara nyingi huunga mkono wa kulia kwa akodi fupi fupi, ilhali kwa Mehldau huwa na mstari wake wenyewe unaojitegemea, hata mtu akifumba macho anaweza kudhani wameketi wapiga piano wawili. Mehldau alilalamika, katika maelezo marefu aliyoyaandika kwa ajili ya albamu hiyo, kuhusu kulinganishwa kila mara na mpiga piano Bill Evans. Ukiusikiliza mkono huo wa kushoto unaona kwa nini ulinganisho ule ulimchosha. Hata hivyo, kuna kitu cha darasani katika baadhi ya dakika za albamu hii, hisia kwamba fumbo linafumbuliwa mbele ya hadhira, na msikilizaji aliyerudi nyumbani amechoka huenda asiwe na hamu ya kufumbua fumbo lolote. Kwa mtu wa namna hiyo, Blues and Ballads ya mwaka 2016, ambayo Mehldau aliirekodi na Grenadier pamoja na mpiga dramu Jeff Ballard, ni mlango mpole zaidi wa kumfikia mwanamuziki yule yule.

Inafaa nieleze kwa kifupi kwa nini nimebaki na makundi ya watu watatu na wanne. Bendi kubwa inahitaji mpangilio ulioandikwa, kwa hiyo uamuzi wa kubadilisha wimbo hufanywa mezani kabla ya siku ya kurekodi. Katika kundi dogo uamuzi mwingi hufanywa wakati muziki unaendelea, na masikio ya msikilizaji yanaweza kuufuata unapofanyika: mpiga besi akichelewa nusu pigo kwa makusudi, unasikia wenzake wanavyomwitikia.

Motian ndiye ninayempenda kuliko wote, na msomaji alipime hilo anaposoma aya hii. Alikuwa mpiga dramu wa Bill Evans katika siku maarufu ya tarehe 25 Juni 1961 pale Village Vanguard, akapiga na Jarrett tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 pamoja na mpiga besi Charlie Haden, na alipofika umri wa karibu miaka 60 akaanza mfululizo wa albamu za nyimbo za Broadway. Katika ile ya kwanza yupo Haden kwenye besi, Bill Frisell kwenye gitaa na Joe Lovano kwenye saksafoni, hakuna piano. Kutokuwepo kwa piano kunabadilisha kila kitu, kwa sababu hakuna anayejaza akodi zote, na Frisell huacha noti moja ya gitaa ikae hewani mpaka yenyewe iamue kufa. Lovano hupiga mahadhi karibu kama yalivyoandikwa. Hapendezeshi sana, hakimbii; katika “Someone to Watch Over Me” ya mtunzi George Gershwin unaweza kuyaweka maneno juu ya saksafoni yake silabi kwa silabi. Kilicholegezwa ni wakati. Mpiga dramu wa kawaida hushika mdundo usiokatika kwenye toazi ili wenzake wauegemee, ilhali Motian hulipiga toazi mara moja, hungoja, huchakacha kwa brashi, hunyamaza kabisa, halafu hudondosha pigo moja la ngoma kubwa mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kulitarajia, na bado wimbo hauanguki, kwa kuwa Haden amesimama chini kama nguzo na kila mmoja kati yao ameubeba mdundo moyoni bila kuhitaji kutajiwa.

Kwa kipimo changu, basi, Motian na Mehldau wanakaa pande mbili zilizo kinyume. Mehldau anaushika wakati kwa nguvu na kuubana katika hesabu ngumu. Motian anauachia mpaka unakaribia kumwagika. Kwa msikilizaji mgeni Motian ana faida moja kubwa, kwamba mahadhi yenyewe yanasikika waziwazi, kwa hiyo albamu yake inaweza kumfundisha mtu wimbo kwa mara ya kwanza na kumwonyesha papo hapo unavyoweza kulegezwa. Anayetaka kuwapima kwa kibao kimoja atafute “I Concentrate on You” wa Cole Porter, ambao uko katika albamu hii ya Motian na vilevile katika Blues and Ballads. Asiyependa gitaa la umeme lenye mwangwi mrefu, lakini, ataiona albamu hii kama ukungu, na maelezo yangu hayatamsaidia.

Kwa Sorey inabidi tubadilishe wimbo. “Autumn Leaves” ulianza Ufaransa katikati ya miaka ya 1940, muziki ukiwa wa Joseph Kosma na maneno ya mshairi Jacques Prévert, kabla Johnny Mercer hajauandikia maneno ya Kiingereza. Ni wimbo ambao kila mwanafunzi wa jazi hufundishwa mapema, na kwa hiyo ni mgumu kuupiga bila kuchosha. Mpiga tarumbeta Wynton Marsalis, katika Marsalis Standard Time, Vol. 1 ya mwaka 1987, aliutatua ugumu huo kwa hesabu: besi na dramu huongeza idadi ya mapigo kutoka kipimo hadi kipimo, kana kwamba gari linashika kasi, huku tarumbeta ikiendelea na mahadhi kwa utulivu kama haihusiki. Ni ujanja mtamu, ingawa ukishaujua umeujua. Kundi la Jarrett, katika rekodi za klabu ya Blue Note za Juni 1994, liliutatua kwa urefu, likaupiga kwa zaidi ya dakika 25 na kuendelea kuzunguka hata baada ya wimbo wenyewe kwisha.

Sorey, ambaye ni mpiga dramu na pia mtunzi aliyepata Tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2024, hakufuata njia hizo. Yeye, mpiga piano Aaron Diehl na mpiga besi Matt Brewer waliirekodi Mesmerism kwa mazoezi machache, na katika “Autumn Leaves” yao mahadhi hayaingii mlangoni kwa kishindo. Unayatambua taratibu, kwa vipande, akodi zikiwa zimepakwa rangi nyeusi kuliko ulivyozoea. Hakuna anayeonyesha ubingwa. Diehl, ambaye ana mguso safi uliokomazwa na muziki wa kale wa piano, huweka noti moja na kuitazama, na Sorey, mtu anayeweza kupiga ngoma kwa nguvu za kutisha, hutumia muda mrefu akinong’ona kwenye matoazi. Somo lake kubwa kwa msikilizaji ni subira. Nilipoisikiliza kwenye gari, sikuambulia kitu, kwa kuwa nusu ya muziki iko chini ya kelele ya injini. Nilipoisikiliza usiku kwa vipokea sauti, nikaona kwamba ukimya kati ya noti umepangwa kwa uangalifu ule ule wa noti zenyewe.

Hapo ndipo mzunguko wa albamu hizi nne unapojifunga. Ndani ya Mesmerism upo utunzi wa Motian uitwao “From Time to Time”, na upo pia “Detour Ahead”, wimbo ambao Motian aliupiga na Bill Evans siku ile ile ya Juni 1961. Msikilizaji aliyekwisha kumzoea Motian kabla ya kufika kwa Sorey atausikia ujirani huo bila kuelekezwa, na ndiyo sababu sishauri mtu aanze na Mesmerism, hata kama ndiyo mpya zaidi kati ya zote na ndiyo yenye sauti iliyonaswa kwa usafi wa kupendeza.

Zote nne ni za ala tupu, na kwa baadhi ya wasikilizaji hilo ni pengo kubwa, kwa sababu nyimbo hizi zilizaliwa na maneno. Kwa hao nashauri The Window ya mwaka 2018, ambamo mwimbaji Cécile McLorin Salvant yuko na Sullivan Fortner pekee, kwenye piano na mara nyingine ogani, isipokuwa katika kibao cha mwisho, “The Peacocks”, ambapo Melissa Aldana anaingia na saksafoni. Salvant hutafsiri wimbo kwa kuigiza: neno moja hulipa kejeli, linalofuata hulipa maumivu, na Fortner humfuata kama mtu anayesoma mawazo. Hata hivyo, tafsiri yake inaegemea mno maana ya maneno, hivyo asiyekisikia vizuri Kiingereza au Kifaransa atapoteza sehemu kubwa ya ladha, ilhali kwa Motian hatapoteza kitu.

Kuhusu mazingira ya kurekodi sina mengi. Jarrett wa 1983 na Motian ni wa studio, na usafi wa sauti unasaidia masikio yasiyozoea kutenganisha besi na ngoma. Mehldau yuko mbele ya hadhira, kwa hiyo vipande ni virefu na makofi yapo.

Kwa mgeni kabisa, ambaye hajui hata wimbo mmoja kati ya nyimbo hizi kwa jina, ningeanza na Motian, kinyume na wengi wanaomtaja Jarrett kwanza. Ningempa wiki mbili tatu, mpaka ajikute anapiga mluzi mahadhi ya nyimbo mbili au tatu bila kukusudia. Anayependa kwanza mdundo unaosukuma, na asiyejali miguno, aende kwa Jarrett moja kwa moja, wala hahitaji maandalizi. Mwanafunzi wa ala, au mtu anayezijua nyimbo hizi tangu zamani na aliyeanza kuzichoka, atafaidi zaidi kwa Mehldau, kwa kuwa uchovu wake ndio malighafi ya albamu ile. Mesmerism nimwachie msikilizaji wa usiku, mwenye vipokea sauti vizuri na saa moja isiyo na miadi.

Na kwa anayeshindwa kabisa kuamua kati ya Motian na Mehldau, wawili hao walikaa jukwaa moja mnamo Desemba 2009 katika klabu ya Birdland, New York, pamoja na Haden na mpuliza saksafoni Lee Konitz, aliyekuwa na umri wa miaka 82. Rekodi hiyo, Live at Birdland, ilitoka mwaka 2011 na ina vibao sita, mmojawapo ukiwa “Solar”, ambao uko pia katika Art of the Trio 4. Sikiliza kwanza ule wa 1999, kisha huu wa Birdland, na uufuatilie ule mkono wa kushoto wa Mehldau unafanya nini pale ambapo aliyeketi kwenye ngoma ni Motian badala ya Rossy.